Kufuta Jina Hakutoshi: Kwa Unayeanza Kazi ya Data Lamu

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kumbukumbu za wagonjwa niliandika ripoti fupi ya zahanati, nikaibandika ubaoni. Majina yote nilikuwa nimeyafuta, nikajiona hodari. Mstari mmoja ulisema: fundi wa majahazi, Matondoni, zaidi ya miaka 60, kisukari. Jioni ile barazani, kahawa ilipokuwa ikizunguka, sahani ya halua ilimruka mtu mmoja. Hakuna aliyesema neno. Baada ya isha mwenyewe alinijia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, habari zangu wamezipata wapi?" Angenitukana ningepumua.

Naanza na aibu hii kwa sababu wewe uliyeajiriwa juzi, hospitalini, shuleni au katika nyumba ya wageni, utapewa mafunzo ya siku mbili tatu na jambo la kwanza utakalofundishwa ni kufuta majina. Ni ushauri wa miji mikubwa. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Lamu watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, na hapo umejumlisha visiwa na bara, Kiunga mpaka Witu. Ukishataja kazi ya mtu, kijiji chake na umri wake, jina la nini tena? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikusimama kwenye jina. Inamlinda mtu yeyote anayetambulika au anayeweza kutambulika, hata kwa kuunganisha vipande.

Siku hizi ripoti zangu hutaja tarafa, si kijiji. Umri nauweka kwa makundi ya miaka kumi kumi. Kazi ya mtu naiondoa kabisa isipokuwa ripoti yenyewe inahusu kazi. Kundi likiwa na watu watatu au wanne tu, nalichanganya na jingine hata kama bosi atanung'unika kwamba jedwali limekuwa butu. Kisha naisoma tena kwa macho ya muuza kahawa wa Mkunguni, ambaye hakuna asiyemjua yeye na hakuna asiyejulikana naye. Yeye akiweza kukisia, haijawa tayari.

Jambo jingine litakalokushangaza ni orodha ya data nyeti. Afya imo, alama za vidole zimo, imani imo; hayo utayatarajia. Lakini sheria ya Kenya imeweka humo pia hali ya ndoa, mali, na majina ya wazazi, watoto na mwenzi wa mtu. Sasa fikiria mji ambao swali la kwanza baada ya salamu ni "wewe ni wa nani?" Fomu zetu zote zina jina la baba, la mama, la mume. Simaanishi ufute nasaba za watu. Namaanisha kila ukiona kisanduku hicho kwenye fomu, muulize aliyeitunga: hili tunalifanyia nini? Mara nyingi jibu ni kwamba fomu ilinakiliwa kutoka ofisi nyingine, na ile ofisi nyingine nayo iliinakili kwingine.

Kuhusu mamlaka yenyewe nitapita haraka, maana utayapata mafunzoni. Msingi ni kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, haki ya faragha. Sheria ilianza kutumika Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mwaka mzima sheria ilikuwa nyumba isiyo na mwenyewe. Kanuni zikafuata 2021, usajili ukaanza Julai 2022. Ofisi ya Kamishna hupokea malalamiko, husajili wanaoshika data za watu, hukagua na hutoa adhabu. Usiichukulie kama askari wa kukimbiwa. Ukikwama, iulize kabla mambo hayajaharibika.

Usajili ndipo wenzangu wengi wa Shela na Mkomani walipojikwaa. Walisikia kwamba biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa, wakalala. Msamaha huo hauzigusi sekta kadhaa zilizotajwa kwa jina: shule, huduma za afya, uchukuzi, mikopo, na mahoteli pia. Nyumba ya wageni ya vyumba vinne yenye mpishi mmoja na mlinzi mmoja inatakiwa kujisajili. Waongoza watalii peke yao wametolewa katika fungu hilo la utalii, na wanapenda kutukumbusha. Cheti hudumu miezi 24. Kiandike kwenye kalenda ya ukutani, maana barua pepe ya kukumbushwa huenda kwa meneja aliyeacha kazi zamani.

Lakini cheti ukutani hakilindi kitu. Nitakwambia kinachonitia wasiwasi zaidi katika nyumba za wageni: simu ya mtunza nyumba. Mgeni anatua Manda, mwenye nyumba yuko Nairobi au Italia, kwa hiyo mtunza nyumba anaipiga picha pasipoti na kuituma WhatsApp. Anaituma pia kwa nahodha wa boti. Nahodha anaipeleka kwenye kundi la manahodha ili mwenye nafasi amchukue mgeni. Kabla begi halijashushwa gatini, pasipoti iko kwenye simu kumi na tano, na itakaa humo mpaka simu hizo ziuzwe au zipelekwe kwa fundi. Nahodha alihitaji jina la mgeni, saa ya ndege na idadi ya mabegi, basi. Nilipolieleza jambo hili kwa mara ya kwanza mzee mmoja wa boti alinijibu kwamba hata begi hahitaji kuhesabiwa, macho anayo.

Hapo hapo utakutana na kosa la upande wa pili, la kuomba idhini kwa kila kitu. Wanaotoka mafunzoni huwa na bidii hiyo. Sheria ya uhamiaji inamtaka mwenye nyumba ya wageni aweke kumbukumbu za wageni wasio raia. Ukimwomba mgeni idhini kwa hilo, naye akikataa, utafanyaje? Utamwandikisha vilevile, na idhini yako itakuwa imegeuka mzaha. Idhini ni mlango mmoja tu wa kushika data za mtu kihalali. Wajibu wa kisheria ni mlango, mkataba ni mlango, kuokoa maisha ya mtu ni mlango. Chagua mmoja wa kweli, uandike ni upi, na idhini uiache kwa yale ambayo mtu anaweza kukataa bila kupoteza kitu, kama picha yake kuwekwa Instagram.

Picha hizo, hasa za watoto, zimegharimu watu. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi, na kilabu kimoja 1,850,000 kwa picha ya mteja. Ninawatajia walimu takwimu hizo kila zinapokaribia sherehe za shule. Kwa mtoto ni lazima idhini itoke kwa mzazi au mlezi, na hata ikitoka, uangalie kama jambo lenyewe lina manufaa kwake. Mtoto anayepokea unga wa msaada mbele ya kamera hana manufaa yoyote na ile picha.

Na ukisikia ofisi yako inataka kununua mashine ya alama za vidole ili kujua nani amechelewa, sema mapema: kwanza tathmini ya athari, yaani kupima madhara yanayoweza kuwapata wenye data. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba usambazaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho kipya cha serikali, ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Kama serikali kuu ilikwama hapo, kituo cha afya cha kisiwani kitapita vipi? Daftari la mahudhurio bado linafanya kazi.

Kisha kuna watu watakaokujia wewe kama wakili wao. Wakishajua unafanya kazi ya data, watakusimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mzigo wa samaki mkononi. Nusu ya malalamiko hayo hayahusu sheria hii. Fulani kanisema barazani, shemeji kaonyesha watu picha za harusi yangu: mambo ya binafsi na ya nyumbani sheria imeyaacha nje, na usijaribu kuyaingiza. Msikilize mtu, mwambie ukweli, mwelekeze kwa wazee.

Nusu iliyobaki ni ya kweli na inaumiza. Wakopeshaji wa simu wanaowapigia jamaa wa mdaiwa. Namba ya simu iliyotolewa kwenye daftari la mlangoni na kutumiwa kumtongoza msichana. Kwa hao, fanya kazi kwa mpangilio. Waambie wapige skrinshoti inayoonyesha tarehe na namba kabla ya kumfungia mtu njia, maana wengi hufuta kwa hasira kisha wakaja mikono mitupu. Waiandikie kwanza taasisi husika na kuomba data isahihishwe au ifutwe, na nakala waihifadhi. Lalamiko kwa Kamishna linaweza kuwa la maandishi au la mdomo. La mdomo ofisi yenyewe huliandika. Hili wengi hawalijui, na bibi yangu asiyejua kusoma angeweza kulalamika sawasawa na mhadhiri. Uchunguzi unapaswa kumalizika ndani ya siku 90. Suluhu pia inaruhusiwa, na hapa kwetu mara nyingi ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa watakutana tena msikitini Ijumaa.

Mtu atakuuliza pesa. Faini ya Kamishna hufika hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa kampuni, ile iliyo ndogo, nayo haiendi mfukoni mwa mlalamikaji. Fidia ni jambo jingine, na sheria inaihesabu hata huzuni na fadhaa, si hasara ya fedha peke yake. Usimwahidi mtu kiasi chochote.

Data ikivuja kazini kwako, una saa 72 tangu ulipojua za kumwarifu Kamishna, iwapo asiyehusika ameifikia na wenyewe wanaweza kudhurika. Simu ya ofisi iliyotumbukia baharini gatini si sawa na simu iliyoibwa Mokowe bila nywila. Ya kwanza itakuliza tu. Ya pili inataka barua usiku huohuo.

Siku yako ya kwanza, kabla hawajakuonyesha kompyuta, uliza karatasi za zamani zinakwenda wapi. Nilinunua bajia jioni moja, nikafunguliwa karatasi, na chini ya mafuta nikasoma namba ya kitambulisho, namba ya simu na ombi la basari la mtoto ninayemjua. Bajia nilizimalizia palepale. Karatasi niliikunja nikaenda nayo nyumbani, na asubuhi nilikuwa mlangoni kwa ofisi iliyoitoa kabla ya mfagiaji. Alinionyesha magunia matatu nyuma ya choo, yakimsubiri mnunuzi wa karatasi ambaye huja kila mwisho wa mwezi na punda wake.