Tatuu ya kwanza: mchoro na mahali pake ni uamuzi mmoja

Mama yangu alikuwa na mazoea ya kuacha kikaratasi mezani kila alipotoka nyumbani. Maneno yalikuwa yale yale miaka yote: "Natoka, narudi." Alipofariki nilibaki na kikaratasi kimoja tu, na baada ya mwaka mmoja na nusu nikaamua kuyabeba maneno yale mwilini, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ndiyo tatuu yangu ya kwanza. Ina miaka minane sasa na bado inasomeka herufi kwa herufi, lakini nusura niichore mahali ambapo leo ingekuwa doa tu. Ukiwa unafikiria tatuu yako ya kwanza, naomba unisikilize kabla hujalipa.

Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nilitaka maneno yabaki madogo kama yalivyo kwenye karatasi, herufi za milimita 4 hivi, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Mchoraji wa kwanza niliyemwendea alikubali hapo hapo, akaniambia nije hata kesho. Wa pili alikichukua kile kikaratasi, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu: a tatu, o moja, d moja. "Dada, hapa kuna matundu matano," akasema. "Kwa ukubwa huu, miaka michache ijayo yote yatakuwa yamejaa wino."

Sikuwa nimewahi kuutazama mwandiko wa mama namna hiyo. Alinieleza, na baadaye nikasoma zaidi mwenyewe. Sindano hupeleka wino kwenye dermisi, tabaka la ngozi lililo chini ya lile la juu linalojibanduabandua kila siku, kina cha milimita 1 hadi 2. Huko chini, seli za kinga za mwili huuona wino kama mgeni na kuumeza. Haziwezi kuumeng'enya, kwa hiyo zinakaa nao, na zikifa huja nyingine kuumeza upya. Ndiyo maana tatuu haitoki. Lakini ngozi ni kitu kilicho hai, na mwaka hadi mwaka chembe za wino husogea kidogo. Mstari uliokuwa mwembamba kama unywele hunenepa. Mistari miwili iliyokaribiana sana hugusana.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kuhusu mchoro wowote ni hili: nafasi tupu iko wapi, na je, inatosha? Ua lenye petali ishirini ndani ya duara la sarafu litageuka kivuli. Ua hilo hilo lenye petali tano, au likiwa na ukubwa wa kiganja, litabaki ua. Kuna jaribio rahisi ambalo nimewafanyisha rafiki zangu kadhaa. Uchapishe mchoro kwa ukubwa ule ule unaoutaka, uubandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu, kisha finya macho. Kile unachoweza kukitambua bado ndicho kitakachokuwepo baada ya miaka mingi.

Mtu wa kale aliyepatikana ndani ya barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, yule aliyepewa jina la Ötzi, ana michoro 61 mwilini, na amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Yote ni mistari na misalaba ya masizi meusi. Najua barafu ndiyo iliyomhifadhi, lakini kila nikiiona picha yake nawaza jinsi mstari mnene mweusi unavyoweza kudumu.

Mchoraji wa pili alipendekeza herufi zenye urefu wa sentimita 1. Hapo ndipo mpango wangu wote ulipovunjika, kwa sababu kwa ukubwa huo maneno mawili hayaenei kwenye kifundo cha mkono. Yangezunguka hadi upande wa pili, na ili kuyasoma ningelazimika kuupinda mkono. Nilikuja kwake nikidhani nina maamuzi mawili, mchoro na mahali, na kwamba la kwanza nimelimaliza. Kumbe ni uamuzi mmoja. Mahali ndipo panapoamua ukubwa, na ukubwa ndio unaoamua kama mchoro utadumu. Tulihamia kwenye kigasha, upande wa ndani, katikati ya kiwiko na kifundo, na maneno yakapata pa kupumulia.

Kuna sehemu ambazo kwa tatuu ya kwanza ningekukataza kabisa kama ungekuwa mdogo wangu. Vidole, viganja na nyayo zinaongoza. Ngozi ya huko ni nene, inasuguliwa siku nzima, inanawishwa kila saa. Binamu yangu alichora pete ubavuni mwa kidole, nzuri mno siku ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha nusu yake ilikuwa imefutika na nusu nyingine imetawanyika. Mikunjo ya kiwiko na goti nayo ni migumu, kwa kuwa ngozi haitulii hapo hata wakati wa kupona. Tumbo hubadilika na mimba na uzito. Sehemu inayopigwa na jua kila siku hufifia upesi, na itakudai losheni ya kukinga jua maisha yote. Na popote utakapochagua, usikubali kufunika baka jeusi la kuzaliwa nalo, kwa sababu siku likibadilika umbo au rangi unataka wewe na daktari mlione.

Watu huniuliza sana kuhusu maumivu. Mbavu, kidari, mtulinga na juu ya wayo huuma zaidi kwa sababu mfupa uko karibu. Upande wa nje wa mkono, paja na shavu la mguu huvumilika. Lakini maumivu ni ya saa moja au mbili. Usichague mahali kwa ajili ya saa mbili.

Kuonekana ni jambo zito zaidi. Shingo, uso na migongo ya viganja havifichiki, na wachoraji wengi makini hukataa kuvichora kwa mtu ambaye hana tatuu nyingine. Hawakudharau, wameona watu wakirudi wakilia. Fikiria kazi yako ya sasa na ile unayoitaka, fikiria nguo unazovaa. Fikiria pia jambo ambalo mimi nililisahau mpaka nikaulizwa: unataka nani aione, wewe au wengine? Wachoraji hupenda mchoro usimame sawasawa kwa anayekutazama, na kwa picha kama mnyama au mti nakubaliana nao. Kwangu ilikuwa barua niliyoandikiwa mimi. Nikiukunja mkono wa kushoto mbele ya kifua, maneno yananitazama mimi. Mtu mwingine nikimnyooshea mkono, atayaona yamepinduka. Nilieleza sababu, mchoraji akaelewa.

Ngozi yangu ni nyeusi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Melanini, ile inayotupa weusi wetu, iko kwenye tabaka la juu, na wino uko chini yake. Maana yake ni kwamba kila rangi unaiona kupitia kioo cha kahawia. Nyeusi inaonekana vizuri sana. Nyekundu iliyokolea inaweza kupendeza. Njano hafifu, waridi iliyopauka na nyeupe mara nyingi hupotea au hubadilika sura. Badala ya kulilia rangi hizo, mwambie mchoraji atumie ngozi yako yenyewe kama rangi ya pili, aiache wazi katikati ya weusi. Na usimruhusu mtu akukandamizie sindano kwa hoja kwamba ngozi nyeusi inahitaji nguvu zaidi. Si kweli, na matokeo yake ni makovu.

Kwa hiyo unapopitia picha za kazi za mchoraji, omba mambo mawili: picha za tatuu zilizokwisha kupona, na picha za ngozi inayofanana na yako. Tatuu mbichi zote zinang'aa. Ya mwaka mmoja au miwili ndiyo inayosema ukweli kuhusu mkono wa aliyeichora. Mchoraji wa kwanza hakuwa na hata moja ya kunionyesha. Wa pili alinionyesha kama kumi, na katika moja aliniambia mwenyewe kwamba mstari ulitanuka kuliko alivyotaka. Hapo nilimwamini.

Jambo la keloidi, tafadhali, usiliruke. Dada yangu ana uvimbe wa kovu kwenye ndewe la sikio tangu alipotobolewa, mkubwa kuliko kidonda chenyewe kilivyokuwa. Tabia hii hufuata ukoo na huonekana zaidi kwa watu weusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Mimi sikuwahi kupata, lakini kwa sababu yake nilimwona daktari wa ngozi kwanza, na kifua na bega nikavifuta kwenye orodha. Kama wewe mwenyewe umeshawahi kupata keloidi, nakushauri kwa moyo wote uache. Na usijifariji kwamba leza itafuta chochote kikiharibika. Huchukua vipindi vingi, wiki kadhaa kati ya kimoja na kingine, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka.

Baada ya kukubaliana kuhusu kigasha, mchoraji alinirudisha nyumbani. Aliniambia niishi na maneno yale kwanza. Nikawa nayaandika mkononi kwa kalamu kila asubuhi, wiki tatu mfululizo. Siku ya pili nilijiona kama nimevaa nguo ya mtu. Siku ya tisa nilisahau kuyaandika na nikaukosa mwandiko ule mpaka jioni. Katika wiki hizo nilihamisha maneno mara mbili, sentimita chache juu, sentimita mbili chini, na kila mara nililala na jibu jipya. Tatuu za kubandika zinasaidia pia. Hina nyeusi ya haraka ikwepe, kwani nyingi huongezwa kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi.

Siku yenyewe ilipofika, stensili, yaani karatasi inayoacha nakala ya mchoro kwenye ngozi, ilibandikwa mkono wangu ukiwa umelazwa mezani, kiganja kikitazama juu. Mistari ya zambarau ilikaa imenyooka kabisa. Kisha mchoraji akaniambia, "Simama, ushushe mkono kama unavyotembea." Nikasimama mbele ya kioo. Maneno yalikuwa yamejipinda, "narudi" ikielekea ubavuni. Ngozi ya kigasha hujisokota kila unapogeuza kiganja, na mkono uliolala mezani si mkono unaoishi nao. Alifuta kwa spiriti, akabandika tena nikiwa nimesimama. Akafuta tena. Mara ya tatu ndipo ikakaa. Usione haya kuomba ifutwe. Karatasi ile ni kitu kidogo sana.

Nilikuwa nimekwenda na kaka yangu, si kwa ajili ya kunishika mkono, bali kwa ajili ya kusoma. Mtu anayeyajua maneno yake kwa moyo huona anachokijua, haoni kilichoandikwa. Kaka alikiweka kikaratasi cha mama karibu na mkono wangu, akapitisha kidole herufi moja baada ya nyingine, akasimama baada ya Natoka. Mkato haukuwepo. Wakati wa kunakili ulidhaniwa ni doa la kalamu. Mama alikuwa na mkato mrefu, wenye mkia unaoshuka chini ya mstari, na mimi niliyeutazama kila siku kwa wiki tatu sikuona kwamba haupo.

Mchoraji alichukua kalamu ya ngozi, akauchora kwa mkono, taratibu, akitazama karatasi na kurudi. Kaka akalinganisha, akasema urefushwe kidogo. Ukarefushwa. Akatazama tena, akatikisa kichwa kukubali, na mashine ikawashwa.