Siku ya kuwashwa kifaa ndo kwanza mnaanza

Naandika hii kwa wazazi walioambiwa juzi tu kwamba mtoto hasikii, na pia kwa mashangazi na mababu na majirani wanaotaka kusaidia ila hawajui waanzie wapi. Kifaa ninachokisema ni kipandikizi cha koklea, yaani daktari anafanya operesheni anapitisha waya mwembamba ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, halafu nje mtoto anavaa kipande chenye maikrofoni. Wa kwangu aligundulika akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa ananiambia watoto wa kiume wanachelewa kuongea, mwache tu, na mimi nikamwacha, miezi ikawa inapita hivohivo. Mama mwenzangu, ukiona mtoto hageuki ukimwita usisubiri mtu akutoe wasiwasi, nenda akapimwe. Wataalamu wana hesabu yao ya moja, tatu, sita, yaani mtoto apimwe kabla hajatimiza mwezi 1, jibu la uhakika lipatikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Sisi tulichelewa zote tatu na leo mtoto anaongea, kwahiyo na wewe kama umechelewa usikate tamaa, ila usiongeze hata wiki moja. Na kama uziwi umeletwa na homa ya uti wa mgongo ndo ukimbie kabisa, maana mfupa unaweza kuanza kuota ndani ya koklea na ikawa kazi ngumu daktari kupitisha ule waya.

Kuhusu kujilaumu nitasema kidogo tu kwasababu najua unajilaumu. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi wazazi wao wanasikia vizuri. Mara nyingi ni jeni, yaani chembe ya urithi, ambayo baba na mama wote wanayo na hakuna aliyejua. Hukufanya kitu.

Sasa nije kwenye hiyo siku ya kuwasha. Mtoto akishafanyiwa operesheni huwa hawawashi palepale, mnasubiri wiki kadhaa kidonda kipone, na hizo wiki ndo unakesha kwenye simu unaangalia video za watoto wanavotabasamu wakisikia sauti ya mama mara ya kwanza. Wa kwangu alilia. Alilia akang'oa koili, kile kiduara cha nje kinachonata kichwani kwa sumaku, akaitupa akajificha kwenye kifua changu, na bibi yake aliyekuja na simu ya kurekodi akaishusha taratibu, nikajua basi operesheni imeshindikana. Nilikaa na hayo mawazo siku mbili nzima kabla sijamuuliza mtaalamu wa usikivu, na ningeuliza palepale ningelala. Sikio la kawaida lina chembe ndogondogo za kusikia kama 15,000 hivi, kipandikizi kina vituo vya umeme 12 mpaka 22 kulingana na aina, hivyo vichache ndo vinapeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo ambao haujawahi kupokea kitu chochote unashtuka. Ndo maana wanaanza na sauti ya chini halafu kila mkirudi kliniki wanapandisha kidogo kidogo. Kulia maana yake amesikia! Kama kuna mtu angeniambia hivyo kabla.

Kwahiyo ndugu na jamaa nawaomba, hiyo siku msijazane chumbani, na msianze kuuliza "bado tu haongei?" wiki ya pili. Mtoto aliyewashiwa akiwa na miaka miwili masikio yake ndo yamezaliwa siku hiyo, muhesabieni kuanzia hapo.

Kifaa kinaleta sauti, lugha tunaileta sisi wa nyumbani, na hii sikuielewa mapema. Nilidhani yule mwalimu wa matamshi mara moja kwa wiki anatosha. Yeye mwenyewe ndo aliniambia saa yake moja ni ya kunifundisha mimi. Basi ikawa kuongea. Namwogesha navyomvua nguo nasema natoa shati, natoa mkono, mkono uko wapi, halafu nanyamaza nasubiri, na kusubiri ndo kugumu kuliko yote. Televisheni tukazima mchana kutwa. Tukazoea kumsogelea badala ya kumpigia kelele kutoka chumba kingine, kwasababu kelele haimsaidii, ukaribu ndo unamsaidia. Na kifaa kinakaa kichwani muda wote akiwa macho, akikitupa unarudisha, mara ishirini kwa siku unarudisha bila kugomba, kuna kikamba cha kubana kwenye nguo kiombe.

Kila asubuhi nafunika mdomo na mkono natamka aa, uu, ii, mm, sh, s, na yeye anarudia, au kama bado mdogo anaweka kitu kwenye kopo kila akisikia. Kuna siku s na sh zikapotea kabisa, kumbe unyevu wa jasho umeingia kwenye maikrofoni, usiku tukaiweka kwenye kikausho na kesho yake zikarudi. Bila hako kajaribio angeenda shule wiki nzima anasikia nusu.

Wengine walituambia tuache ishara za mikono eti atazembea kuongea. Hatukuacha na sijutii. Akiwa anaoga, akiwa kitandani, betri ikiisha, mwanangu ni kiziwi, na nisingependa awe peke yake kwenye hizo saa.

Chanjo ya nimonia na uti wa mgongo hakikisha amemaliza, na kabla ya kipimo chochote cha MRI, ile mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, sema ana sumaku kichwani. Kabla ya operesheni uliza waya na betri zikiharibika zinapatikana wapi na nani anazilipia, usiulize baadae.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniandaa nacho ni dada yake. Alikuwa na miaka sita, siku moja namwita ananiangalia tu, namwita tena, akasema mama na mimi sisikii. Nililia sana siku hiyo. Kwahiyo kama wewe ni shangazi au rafiki wa familia na unauliza usaidie nini, mchukue huyo mwingine mkatembee, au jifunze kurudisha koili ili mama aweze kukuachia mtoto saa mbili alale.

Sasa hivi yuko shule, anakaa mbele, mwalimu anavaa maikrofoni ndogo inayotuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa. Akirudi amechoka, kusikiliza siku nzima kunamchosha, anavua mwenyewe na tunamwacha nusu saa kwenye ukimya wake. Na wiki iliyopita mwalimu kanipigia kuniambia amenyoosha mkono katikati ya somo akasema, "Mwalimu, hilo sijalisikia, rudia."