Anasema "nimeshika yote", kesho yake anapata 23

Pole dada uliyeuliza kuhusu binti yako. Binti wa kidato cha pili anayeapa kuwa somo limemkaa, kisha karatasi inarudi na 23, si lazima awe mwongo wala mvivu. Mara nyingi anasoma daftari mpaka macho yanalizoea, anadhani kuzoea ndiko kukumbuka. Mwaka 2006, huko Marekani, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliliona hilo: wanafunzi waliorudia kusoma walijiamini zaidi, ila baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Wangu nilimfanyia hivi. Maneno 20 ya baiolojia; anasoma, anafunga daftari, anakwenda kuosha vyombo. Akirudi, kabla hajaandika, anataja atakumbuka mangapi. Siku ya kwanza alisema 18, akaandika 9, akanuna. Usimcheke hapo. Unachotazama ni hilo pengo, na usiruke vyombo: ukimuuliza papo hapo, kila mtu bingwa.

Hicho si kipimo cha hospitali, lakini. Kama kusahau kumeanza ghafla, au baada ya kugonga kichwa, au huwa anaganda sekunde kadhaa amekodoa macho hasikii, mpeleke kwa daktari. Na usingizi je: usiku simu yake inalala wapi?