Kabla Hujaniuliza Saa ya Kununua

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Dada, nimeanza mazoezi ya triathloni, ninunue saa gani?" Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo. Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja jina la saa, na kila mara moyo ulibaki mzito, kwa sababu aliyeuliza hakuniambia anataka saa imjibu nini. Mimi mwenyewe nilivaa saa ya bei kubwa karibu miaka miwili kabla sijajua inaweza kunijibu nini na nini haiwezi.

Nilianzia kwenye jogging ya mtaa, Kinondoni, Dar es Salaam. Wanaozijua klabu hizi wanajua: Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, mwimbishaji mbele, watoto wakifuata nyuma. Hakuna aliyepima chochote. Tulikwenda Coco Beach na kurudi, tukanywa supu, kila mtu akaenda kwake. Kisha nikajiandikisha Kilimanjaro Marathon, mbio za kilomita 21. Pale njia inapopanda kutoka Moshi kuelekea Mweka nilijiona nina nguvu za ajabu, nikawapita watu wengi. Wakati wa kuteremka ulipofika, miguu ilikuwa imekwisha. Nilitembea sehemu kubwa ya njia, na wale niliowapita wakanipita mmoja mmoja. Ndani ya basi la kurudi Dar ndipo nilipopata swali langu la kwanza la kweli: nilipanda kwa kasi gani, na moyo wangu ulikuwa ukipiga vipi?

Swali hilo lilininunulisha saa. Saa nayo ilikuwa na vialama vitatu: mtu anayeogelea, mtu juu ya baiskeli, mtu anayekimbia. Nikaanza kusoma juu ya triathloni, mchezo unaounganisha vyote vitatu bila kupumzika katikati. Baiskeli haikunitisha. Nimekulia Tanga, na Tanga mwanamke kupanda baiskeli kwenda sokoni au kazini ni jambo la kila siku. Kukimbia nilikuwa nakimbia. Kilichobaki ni maji. Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini, na nilifikisha miaka 31 sijui kuogelea. Kaka zangu walikuwa wakijirusha majini kila wakitoka madrasa. Sisi wasichana tuliishia kwenye maji ya magotini, tukiokota kombe bahari ikitoka, na mama akiita kila tukisogea mbele.

Kama wewe ni kama mimi, pesa yako ya kwanza usiipeleke kwenye saa wala baiskeli. Mlipe mwalimu wa kuogelea. Kinachomshinda mkimbiaji majini si mikono, ni pumzi. Tumezoea hewa iliyo kila mahali, hivyo tukiingia majini tunaibana kifuani, tukiinua kichwa tunataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, na baada ya mita 10 tumechoka. Mwalimu wangu alinishikisha ukingo wa bwawa, nikatumbukiza uso na kutoa hewa yote puani mpaka mapovu yakaisha, kisha nikageuza kichwa upande na kuvuta. Wiki mbili nzima ni hilo tu. Niliona kama anaichezea pesa yangu. Wiki ya tatu nikavuka mita 25 bila kusimama, na mwezi ulipokwisha nikafika mita 200. Miguu yangu ilikuwa inazama, kama ya wakimbiaji wengi, kwa sababu vifundo vya mguu vimekakamaa. Dawa yake ni kunyoosha vidole nyuma na kupiga maji kwa mguu mzima, goti lisifanye kazi ya baiskeli.

Bahari ni darasa jingine. Nililisomea Kunduchi, kwa mzee mvuvi aliyeniona nikitazama mkono kila baada ya dakika mbili. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo saa yako haijui bamvua. Tazama mwezi." Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hujaa na kutoka kwa zaidi ya mita tatu, ndiyo bamvua hiyo, na maji yanapotoka hayakuombi ruhusa ya kukuchukua. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na hizo ndizo siku za mwanafunzi. Ogelea maji yakikaribia kujaa, sambamba na ufukwe, na pasikosekane mtu mwenye mtumbwi au boya. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishapamba moto mimi hurudi bwawani, na sioni aibu.

Hapo ndipo saa iliponishangaza. Tulipima umbali ufukweni kwa kutembea, kutoka mti mmoja hadi mwingine, ikatoka kilomita moja. Tukaogelea sambamba na miti hiyo. Saa ikasema kilomita moja na nusu, na mchoro wake ukanipitisha nchi kavu. Niliirudisha dukani nikidhani ni mbovu, na aliyenihudumia hakuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye: saa hupima umbali kwa mawimbi ya setilaiti, nayo hayapenyi maji. Kila mkono unapozama saa inapoteza njia, ukitoka inajaribu kukisia upya. Kichwa ndicho kinachokaa karibu na uso wa maji, kwa hiyo wapo wanaoiweka saa chini ya kofia, kisogoni. Vazi langu la kuogelea limeshonewa kofia, nikaiweka hapo, na mchoro ukanyooka.

Nguo hizo hizo ndizo zilizonifanya nianze kuandika juu ya saa na vifaa. Navaa mikono mirefu. Majaribio yote ya saa niliyokuwa nasoma yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, na hakuna aliyejibu kama saa inasoma mapigo ya moyo juu ya kitambaa. Haisomi. Ile taa ya kijani chini ya saa inamulika ngozi, damu inainyonya, na saa inahesabu mwanga unaorudi jinsi unavyopungua na kuongezeka. Ikikutana na kitambaa haina cha kuhesabu. Nikaivaa chini ya nguo, ikasoma, lakini sikuweza kuitazama. Kisha nikaazima mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, nikakimbia navyo vyote viwili. Mkanda ukasema 141, saa ikasema 174. Nilihesabu hatua zangu kwa dakika moja: 174. Saa ilikuwa imeshika mtikisiko wa mkono ikidhani ni moyo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipunguza mwendo bila sababu kwa kuogopa namba ambayo haikuwa yangu.

Niliyaandika hayo na kuwatumia dada watatu wa klabu. Wiki ile ile nikaulizwa na wengine kumi.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja: kila kifaa nakilinganisha na kitu kisichoweza kukosea kwa namna ile ile. Kwa umbali natumia njia ya uwanja wa riadha, mzunguko wa ndani kabisa, mita 400. Wengi hukimbia njia ya nane, ambako mzunguko unakaribia mita 454, kisha wanasema saa imewaongezea. Katikati ya maghorofa ya Posta mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta na kurudi, basi saa hiyo hiyo inayokwenda vizuri juu ya Daraja la Tanzanite inapotea pale Samora. Ukisoma jaribio la saa na mwandishi hasemi alikimbilia wapi, hujasoma kitu. Na tusiidai saa kazi isiyo yake. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Hiyo ni kazi ya kamera iliyofungwa mwisho wa mbio. Ya mkononi inakadiria, na makadirio yanatosha kabisa kwa mazoezi yetu.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni mizani ya chumbani. Jipime kabla ya kukimbia saa moja, kisha baada yake ukiwa umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na ongeza ulichokunywa njiani. Mwezi Februari hapa Dar mimi napoteza zaidi ya lita moja na robo, Julai ni chini ya hapo. Maji matupu kwa wingi katika safari ndefu ni hatari, yanaizimua chumvi ya damu. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo natia chumvi kidogo ndani yake.

Ramadhani nakimbia polepole dakika 30 au 40, namaliza karibu na futari. Mwaka wa kwanza saa iliniambia kila siku kwamba uwezo wangu unashuka. Niliumia, nikaongeza mwendo, nikaanguka barabarani. Saa haijui umefunga. Zima hizo hukumu zake mpaka Shawali.

Baiskeli nitapita haraka. Ya mtumba inatosha, mradi fremu ilingane na urefu wako, maana fremu kubwa huumiza mgongo na hakuna kiti kitakachoitibu. Helmeti inunuliwe mpya. Ukitoka pwani ioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi na upake mnyororo mafuta, la sivyo kutu itakuwahi. Barabara ya Bagamoyo nakwenda Jumapili kabla ya jua, na ninapumua vizuri nikishavuka Bunju. Kipima nguvu cha pedali nilikinunua mapema mno. Kinajibu swali zuri, ila halikuwa langu.

Na wewe ukitaka kuandika majaribio ya vifaa: kaa na kifaa miezi mitatu kabla hujakisema. Kama muuzaji amekuazima, sema, kisha kirudishe. Andika joto, saa ya siku, ulichovaa, na betri ilikaa siku ngapi, kwa sababu msomaji wako pia anakatikiwa umeme. Andika kwa Kiswahili ambacho fundi baiskeli wako atakisoma.

Na usitishwe na kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli na 42 za miguu, ile triathloni ndefu inayoitwa Ironman. Hizo zilitokana na mbio tatu za kisiwa cha Oahu, Hawaii, zilizounganishwa mwaka 1978. Walianza wanaume 15, wakamaliza 12, na hata wao hawakuwa watu wa kulipwa. Sisi tulianza na mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, tukajipangia wenyewe siku ya maji mafu, watu wanane na mtumbwi mmoja. Niliposhuka kwenye baiskeli miguu ilikuwa kama magogo mpaka kilomita ya pili, na hilo litakupata na wewe, litaisha.

Mama alikuja kutoka Tanga. Alikaa chini ya mti wa mvinje na taulo langu mapajani tangu nilipoingia majini, hakuzungumza na mtu. Nilipomaliza kukimbia nikamwendea.

"Ulifika mpaka kwenye ile mashua?"

"Abee, mama. Nilifika."

Akanifunika taulo mabegani, akaitazama ile mashua tena.

"Kesho," akasema, "nionyeshe hiyo ya kutoa pumzi."