Kuhamisha eSIM kwenda simu nyingine

Umeuliza kama eSIM moja (laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu, bila kadi) inaweza kutumika kwa zamu kwenye simu mbili kwa kuskani tena ule msimbo wa QR uliopewa na mtandao wa kuiwekea. Kwa kawaida haikubali, ndugu. Msimbo huo mara nyingi hutumika mara moja tu. Ukitaka kuhama, pitia mipangilio ya simu (iPhone ina njia hiyo tangu iOS 16) kama mtandao wako unaruhusu; la sivyo, omba msimbo mpya. Piga *#06# kwenye simu mpya uione EID, namba ya tarakimu 32 inayotambulisha eSIM ya simu hiyo; huenda watu wa mtandao wakaihitaji.

Tafadhali sana, usifute eSIM ya zamani kabla simu mpya haijapiga na kupokea, hasa kama benki hukutumia namba za uthibitisho kwa SMS. Kama unachotaka kushirikisha ni intaneti tu, washa hotspoti.