Kumsimamia mwanafunzi wa uzamili ambaye hajawahi kushika pipeti (Moshi na Arusha)

Mkuu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wawili wa uzamili uliokabidhiwa hapo Moshi: mmoja alikosoma maabara ilikuwa ya kutazama tu, mwingine ni binti wa Simanjiro, wa kwanza kwao kufika chuo, na kwenye vikao hafungui mdomo. Unasema wenzako wanakushauri uwape mada nyepesi. Usiwasikilize. Mada nyepesi haitoi chapisho, na asiye na chapisho anahangaika sana kupata nafasi ya uzamivu. Wape mada nzito kama wengine, ila mwezi wao wa kwanza wasiguse sampuli ya mgonjwa.

Waanze na maji. Pipeti (kifaa cha kuvutia kiasi kidogo cha kimiminika) ya maikrolita 100, mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, wapime mara kumi. Kila kipimo kikaribie gramu 0.1. Namba zote zikiwa juu, anabonyeza kitufe hadi kituo cha pili, kile cha kutolea tu, wakati wa kuvuta. Zikiyumba, anaachia kitufe haraka na hewa inaingia, au tipu (ncha ya plastiki ya pipeti) haijakaza. Arudie hadi mtawanyiko, yaani vipimo vinavyotofautiana, ushuke chini ya asilimia 2, ndipo umruhusu kugusa vitendanishi (kemikali za vipimo) vya bei.

Kinachofuata ni qPCR, kipimo kinachonakili DNA na kuonyesha ilikuwa kiasi gani. Achukue kontroli chanya (sampuli inayojulikana ina DNA inayotafutwa), aizimue mara kumi kumi kwa hatua tano, kila hatua visima vitatu. Ct, yaani mzunguko ambao ishara inaanza kuonekana, inatakiwa ipande kwa takriban 3.3 kila hatua. Mapengo yasipolingana, mara nyingi hakuchanganya vizuri kabla ya kuvuta, au hakubadilisha tipu. Kontroli hasi (isiyo na DNA) ikitoa ishara, tafuta uchafuzi: je, mchanganyiko wa vitendanishi uliandaliwa pale pale DNA inapofunguliwa? Kama chumba ni kimoja, mchanganyiko uandaliwe asubuhi, DNA ifunguliwe mchana, na pipeti zisiingiliane. Kwa sampuli 20 na kontroli mbili andaeni mchanganyiko wa kutosha 25, maana kuna unaobaki kwenye tipu. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zigaweni kwenye vichupa vidogo ili zisiyeyushwe na kugandishwa kila mara; kukatika kwa umeme wetu peke yake kunatosha.

Sasa huyo binti. Ukimuuliza "umeelewa?" atajibu "ndiyo, Dokta" hata kama hajaambulia kitu. Hilo swali liache. Mwambie akueleze kwa Kiswahili atakachofanya kesho, hatua kwa hatua, na kwa nini. Utaona papo hapo anapokwama, na mara nyingi si sayansi inayomkwamisha bali Kiingereza cha itifaki (maelekezo ya jaribio). Kwenye kikao cha kusoma makala mpe mchoro mmoja tu aueleze, asipewe makala nzima, na aujue siku tatu kabla. Kuandika, aandike Kiingereza. Kufikiri kwa sauti, mwache afikirie kwa lugha anayoimudu.

Wasimamizi wengi wanateleza kwenye fedha. Mfumo wa "tumia zako, leta risiti, utarudishiwa" unamfungia nje mtoto wa maskini. Hana nauli ya kwenda Same au Rombo kukusanya sampuli, na hatakuambia. Utaona tu kazi haisogei, uhitimishe kuwa ni mvivu. Ombeni masurufu kabla ya safari, na kama uhasibu unachelewa, safari iahirishwe badala ya yeye kukopa. Muulize pia chumba kimelipiwa hadi lini. Ni swali la kazi kama mengine.

Kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) wafuatilie wao wenyewe, wewe ukipitia kabla hawajatuma. Ni barua na fomu nyingi, lakini asiyejifunza hapo ataendelea kutegemea mtu maisha yote. Tarehe ya kuisha kwa kibali ibandikwe ukutani, na kama sampuli zitavuka mpaka, mkataba wa kuzihamisha uanze mapema.

Mwisho, majina kwenye makala. Mkubaliane kwa maandishi kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa: nani wa kwanza, nani wa mwisho, na nini kitabadilisha mpangilio huo. Asiye na mjomba chuoni ndiye jina lake huteremshwa kimyakimya, na hawezi kulalamika kwa msimamizi anayemwandikia barua ya utambulisho. Nakala moja ya makubaliano akae nayo mwanafunzi.