Mwaka wa lugha China: mimi Kichina nilifundishwa na matroni wa hosteli

Mkuu uliyeuliza kama ni kweli ukipata ile skolashipu ya China yenye mwaka mmoja wa lugha kabla ya digrii "lugha inaingia yenyewe maana kila mtu huko anaongea Kichina", na kama uende Harbin au Guangzhou ya kusini, nakujibu kama mtu niliyepita humo humo. Haiingii yenyewe. Mimi nilikaa miezi mitano Harbin naongea Kiswahili kuanzia naamka mpaka nalala, na wala sikuona shida.

Nilienda Septemba 2018. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba wanafunzi wa nje wana jengo lao na Wachina wana lao, mnapishana kantini tu. Kwenye ghorofa yetu Wabongo tulikuwa watano, kuna Wazambia, kuna Wapakistani, Wamongolia, halafu Warusi ndo usiseme, maana Harbin iko kaskazini kabisa huko jirani na Urusi. Darasani saa mbili mpaka saa sita mwalimu anaongea Kichina kitupu, sawa, lakini kipindi kikiisha tu Warusi Kirusi, sisi wengine Kiingereza, jioni jikoni tunasonga ugali na stori za Simba na Yanga. Unga upo mkuu usihangaike kubeba, ule ukanda wanalima mahindi balaa, ila ni wa njano. Ukiwa na hamu hata hauoni rangi.

Mpaka Desemba nilikuwa najua kusema jina langu, natoka Tanzania, hii bei gani, punguza. Basi. Na simu ilikuwa inanidekeza, nikikwama naandika kwenye programu ya kutafsiri namuonyesha mtu anasoma, nami namgeuzia anaandika, tunamalizana bila mtu kufungua mdomo.

Sasa kuna hili la toni, hapa nisikilize vizuri maana vitabu vinalielezea kivingine na sisi Waswahili linatuumiza kwa namna yetu. Kichina kina toni nne, moja iko juu imenyooka, moja inapanda, moja inazama inarudi, moja inashuka kwa ukali, na neno likibadilika toni ni neno lingine. Hiyo utaambiwa siku ya kwanza. Usichoambiwa ni kwamba sisi swali tunaliuliza kwa sauti. "Amekuja" na "amekuja?" ni maneno yale yale, tofauti ni ile kupandisha mwishoni. Wachina mara nyingi wanaweka kineno "ma" mwisho wa sentensi na toni za maneno zinabaki kwenye nafasi zake. Mimi nikawa napandisha kila swali bila kujijua.

Pale kantini kulikuwa na pipa kubwa la chuma lina supu ya bure ya nyanya na mayai. Siku za mwanzo sikuwa na uhakika kama ni ya bure au kama ni supu kweli, nikamuuliza yule mama anayepakua, hii ni tang? Tang ya kunyooka ndo supu. Ila mimi nimeuliza Kibongo, nimepandisha mwisho, na tang ya kupanda ni sukari. Mama akatikisa kichwa, akasema hapana hapana. Nikaondoka. Nimekula wali mkavu karibu wiki mbili mkuu, nikijua lile pipa lina kitu cha watu wengine labda maji ya kuoshea vyombo, mpaka Mmongolia mmoja akaja na bakuli limejaa nikamuuliza umenunua wapi.

Tuendelee. Januari mwishoni vyuo vinafunga kwa ajili ya mwaka mpya wao, 2019 uliangukia tarehe 5 Februari. Wenzangu wote wakapanda treni kwenda Guangzhou, kule kuna Wabongo wengi wa biashara na kuna joto. Mimi posho nilikuwa nimeshatuma nyumbani nusu, hela ya tiketi sina. Nikabaki kwenye jengo la ghorofa sita tukiwa watu kama kumi hivi, kantini imefungwa, maduka ya mtaani yanafunga moja moja, nje baridi hasi 25. Ile baridi ukivuta pumzi unasikia nywele za puani zinaganda, sikutanii. Na kitu kingine, betri ya simu kwenye ile baridi inakufa. Unatoka ina asilimia 60, dakika kumi tu imezima, kwa hiyo tafsiri hakuna, ramani hakuna, na hata kulipa shida maana kule kila kitu ni simu.

Hapo ndo nikaanza kukaa na matroni. Mlangoni kila hosteli ina chumba kidogo chenye dirisha, anakaa mama mtu mzima, sote tunamuita ayi. Ayi maana yake mama mdogo, dada wa mama kabisa, dada wa baba ana neno lake jingine na mjomba lake jingine. Hilo somo la ndugu Warusi lilikuwa linawatoa jasho darasani, mimi nilimaliza kwa siku moja kwa sababu ni kama nyumbani tu, shangazi si mama mdogo.

Mwanzo nilienda kuchaji simu kwake baada ya kutoka nje. Akaniuliza kitu, "gan sha ne?", yaani unafanya nini. Sikuelewa hata neno. Kitabu kilinifundisha "nini" ni shenme, kumbe watu wa kule kaskazini mashariki wanasema sha. Miezi mitano nakaa mji huo neno la kuulizia "nini" silijui! Nikaona aibu kidogo. Kuanzia hapo nikawa nashuka kila siku mchana nakaa kwenye kigoda chake tunaangalia tamthilia, yeye hajui Kiingereza hata yes, na wala hakuwa na haraka, kitu ambacho mwalimu mwenye silabasi hawezi kukupa.

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya akaniita tutengeneze jiaozi, zile za unga zenye nyama ndani, kule ndo chakula cha siku hiyo. Yeye anasukuma kile kichapati kidogo kwa sekunde mbili, mimi naweka nyama na kubana. Zangu zilikuwa zinapasukia kwenye maji zote. Sasa kila nikitaja neno vibaya, hasemi umekosea, anachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Mstari wa kulala. Mstari wa kupanda. Kibonde. Mstari wa kushuka. Halafu ananitazama nirudie, nikikosea anafuta kwa kiganja anachora tena. Nikamhadithia ile ya supu na sukari, kwa Kichina changu cha kuungaunga. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akachora mstari wa kulala mrefu kutoka kona ya meza mpaka kona, akasema tang. Mpaka leo nikitaja supu naona ile meza.

Shule zilipofunguliwa nikaomba nihamie meza za Wachina kantini, kiasi cha kujilazimisha tu, na wenzangu wakaanza kuniona najidai. Wapo waliosema nimewatenga. Kiukweli niliwatenga kidogo, jikoni nikawa naenda Jumamosi tu.

Mtihani sasa. Chuo changu walitaka HSK 4, yaani ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina kwa wageni, kwa mfumo wa wakati ule ni maneno 1200, ufaulu alama 180 kati ya 300. Wa kwanza niliufanya Desemba kwa kichwa kigumu nikapata 151. Wa Mei nikapata 221, na iliyopanda zaidi ni ya kusikiliza, ambayo level hiyo sauti inapigwa mara moja tu, ukipitwa imeenda. Kuandika herufi sikuwa hodari mpaka mwisho, nikafanya ule wa kompyuta ambao unaandika matamshi kwa alfabeti zetu unachagua herufi. Wenzangu wawili hawakufika 180 wakaambiwa warudie, mmoja akaamua kurudi Bongo. Na hawakuwa vilaza, darasani mmoja alikuwa ananizidi mbali.

Kwa hiyo swali lako la uende Harbin au Guangzhou, kwa mwaka wa lugha mimi ningesema kaskazini. Guangzhou mtaani wazee wanaongea Kikanton, ambacho si Kichina hiki cha mtihani, na Wabongo ni wengi mno, utakula samaki wa kupaka na Kichina hutakisikia. Kule kaskazini lafudhi yao haiko mbali na ya kwenye mtihani. Baridi utazoea, ndani kuna hita kuanzia Oktoba mpaka Aprili, unalala na fulana. VPN, ile programu ya kufungulia mitandao iliyofungiwa, weka kabla hujapanda ndege maana ukifika WhatsApp haifunguki na hata hiyo ya kudownload hutaipata kirahisi. Koti usinunue Kariakoo, nunua ukifika. Ukipata nafasi ya chumba cha karibu na mlangoni, chukua hicho hicho hata kama kina kelele.